Nimezoea au Nimechoka

Dada yangu ana kazi ambayo mama yetu mpaka leo hajui aieleze vipi kwa majirani. Akiulizwa, husema, "Mkubwa anatengeneza maneno ya nyimbo," halafu anaingiza habari nyingine haraka, kabla hajaulizwa maneno ya nyimbo yanatengenezwaje. Mimi kazi yangu haisumbui mtu kuieleza. Mimi ni msusi. Watu huja na vichwa vyao vimechafuka, wanaondoka navyo vimetulia.

Tunagawana chumba kimoja. Mbele kuna viti vyangu, vioo, beseni la kuoshea nywele, na mashine mbili za kukaushia, zile za kofia kubwa. Nyuma ya pazia la maua kuna meza ya dada, kompyuta yake, na hedifoni nene zinazomfanya aonekane kama rubani aliyekosa ndege. Huko ndiko anakotengeneza video za karaoke. Mtu analeta wimbo anaoupenda, labda wa harusi, labda wa kumuaga bosi anayestaafu. Dada anaitoa sauti ya mwimbaji ubaki muziki mtupu, kisha anayapanga maneno yapite kwenye skrini, yakigeuka kutoka meupe kuwa ya njano silabi baada ya silabi, ili anayeimba ajue aingie wapi na anyamaze wapi.

Ukielezwa hivyo utaona ni kazi ya kubofya tu. Kaa naye asubuhi moja uone. Anauchapa wimbo mzima, anayakatakata maneno yake, halafu anauchezesha huku kidole kimeelea juu ya kile kitufe kirefu cha kibodi. Kila silabi ikitoka, kidole kinashuka. Akiwahi, mwimbaji ataonekana mzembe. Akichelewa, maneno yatamfuata nyuma kama mtoto anayelia sokoni. Na programu yenyewe haijui Kiswahili. Ikikutana na "mpenzi" inaihesabu silabi mbili, ile m imegandishwa na pe, wakati mwimbaji mwenye roho atakaa juu ya hiyo m kama amekalia mto. Dada huirekebisha kila mara kwa mkono. "M ni mtu mzima," husema. "Ana kiti chake."

Wateja wangu ndio wa kujaribia kazi. Mtu aliye chini ya kofia ya mashine haisikii sauti yake mwenyewe, kwa hiyo anaimba kwa nguvu zote bila haya. Dada anageuza skrini upande wetu, anavuta pazia, na kuangalia watu wanakwama wapi. Kuna mama mmoja wa benki, mpole kabisa, ambaye chini ya ile kofia amewahi kuimba mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza kama kuna usalama.

Basi, siku moja alikuja muuguzi, mteja wangu wa siku nyingi. Hakukaa kwenye kiti. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye pazia.

"Dada, wazazi wangu wanatimiza miaka arobaini ya ndoa," alimwambia. "Nataka siku ya sherehe waimbe wimbo waliochezea harusini kwao. Ni siri, lakini. Unaujua 'Taa ya Dirishani'?"

Dada aliujua. Hata mimi niliujua, ingawa bendi iliyoupiga ilivunjika kabla sijajua kusoma. Ni wimbo wa mwanamke anayemsubiri mtu aliye safarini. Mwimbaji alikuwa binti waliyemwita Chiriku, na sauti yake ilikuwa kweli na kitu cha ndege ndani yake.

"Kuna tatizo dogo," muuguzi akaongeza. "Kwenye kiitikio kuna mstari wanaugombania tangu sijazaliwa. Baba anasema ni 'nimezoea kukungoja.' Mama anasema ni 'nimechoka kukungoja.' Redio ikiupiga tu, mmoja anapaza sauti yake kummeza mwenzake. Sasa wewe ukiandika neno lenyewe kwenye skrini, mbele ya watu wote, ubishi utakuwa umekwisha."

Dada akacheka. "Mpaka jioni nitakuwa nimekwisha kulijua."

Jioni ikafika, hajalijua. Mstari wa kwanza ulikuwa safi: *Taa ya dirishani, mpenzi, sijaizima.* Wa pili pia: *Barabara imelala, mimi macho.* Lakini ukifika wa tatu, Chiriku anasema "nime," halafu kuna kitu kinatokea, halafu "kukungoja." Dada alihesabu noti. "Nimechoka" ina silabi nne, "nimezoea" ina tano, kwa hiyo noti zingesema ukweli. Hazikusema. Sauti ilikuwa imevutwa na kutetemeka, na ndani ya mtetemo ule ungeweza kuingiza silabi mbili au tatu, upendavyo. Akaitenga sauti peke yake, bila gitaa wala ngoma. Hapo ikawa mbaya zaidi.

"Njoo usikie," aliniita. Nikavaa zile hedifoni. Chiriku alikuwa kama yuko ndani ya sikio langu, anavuta pumzi, anaimba, halafu pale kwenye neno anafanya kitu kama kwikwi.

"Amepaliwa," nikasema.

"Mtu hapaliwi mahali pamoja kwenye kila kiitikio."

"Basi wamekirudufu kiitikio kimoja."

"Enzi zile? Kwa mkanda ule?" Akazivua hedifoni kichwani kwangu. "Vyote vitatu ni tofauti. Cha kwanza ndicho kibaya zaidi. Cha pili na cha tatu, ni kama anakikumbuka kile cha kwanza."

Kesho yake akawachezea wateja. Sikupata kusuka kwa raha siku ile. Binti aliyekuwa anajiandaa kuolewa alisema ni "nimezoea" na wala hakuna haja ya kubishana. Mama ambaye mumewe anafanya kazi nchi za mbali alimgeukia, nusu ya kichwa chake kikiwa bado wazi, akasema, "Mwanangu, hiyo ni 'nimechoka,' na utakuja kuisikia mwenyewe." Mama wa benki, akitoa kichwa chini ya kofia ya mashine, alipiga kelele kwamba yeye anasikia "nimesota." Kila mtu alilisikia neno lake waziwazi na kumshangaa aliyesikia lingine.

Siri ya muuguzi nayo haikukaa. Haikupita wiki, mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mrefu ameshika kofia yake mkononi. Wanaume hawaingii kwetu, na wakiingia hubaki mlangoni wakitazama sakafu. Huyu alisimama kwenye lile zulia la miguu kama mtu aliyesimamishwa na polisi wa barabarani.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta fundi wa maneno."

Dada akatoka nyuma ya pazia. Mzee akamtazama, akanitazama mimi, akawatazama wanawake wawili chini ya mashine. Nikamwambia, "Hao hawasikii kitu, mzee. Sema tu."

"Mimi ndiye baba yake muuguzi," alisema. "Mjukuu wangu ana kila kitu isipokuwa kifuniko cha mdomo. Nimeambiwa kuna wimbo unatengenezwa."

"Ni kweli, baba," dada akasema.

"Pale kwenye kiitikio, andika 'nimezoea.'"

"Baba, bado natafuta neno sahihi."

"Ndilo hilo." Aliizungusha kofia vidoleni. "Mwanangu, mimi nimeendesha malori tangu kijana mpaka nilipostaafu. Natoka nyumbani, wiki tatu, wakati mwingine mwezi mzima, sipo. Na wimbo huu nilikuwa nao kwenye kaseti. Nikipanda milima usiku peke yangu, naimba: nimezoea kukungoja. Najiambia, mama watoto amezoea. Yupo, taa inawaka, amezoea. Basi ninaendelea kuendesha. Sasa, kama neno ni lile la kwake, ina maana miaka yote ile nilikuwa naimba uongo. Unanielewa?"

"Nakuelewa, baba."

"Basi nisaidie." Akavaa kofia, akakumbuka yuko ndani, akaivua tena. Mlangoni aligeuka. "Na usimwambie mwanangu kwamba nilikuja."

Dada alirudi nyuma ya pazia na sikusikia kibodi mpaka wakati wa chakula.

Mke wa mzee alikuja siku chache baadaye. Yeye hakujitambulisha, na hakuhitaji. Muuguzi amemnakili mama yake sura nzima. Alisema anataka kuoshwa nywele na kuwekewa dawa. Nikamlaza kwenye beseni, nikamwagia maji ya uvuguvugu, nikaanza kumsugua. Mtu akiwa amelala vile, macho yamefumbwa na mikono ya mwenzake iko kichwani, husema mambo ambayo asingeyasema ameketi.

"Kuna mtu nyuma ya lile pazia?" akauliza.

"Yupo, mama. Ni dada yangu."

"Anasikia?"

"Akitaka."

Kibodi nyuma ya pazia ikanyamaza.

"Basi asikie. Mimi nimeolewa na mwanamume mzuri. Sina la kumsingizia. Hajawahi kunipandishia sauti, isipokuwa kwenye ule wimbo. Lakini kila akiimba 'nimezoea,' mimi natazama pembeni. Nani amezoea? Niliwahi kukaa dirishani na mtoto mwenye homa mgongoni, nasikia kila lori linalopita barabara kuu, na kila moja nasema ni yeye. Huzoei kitu kama hicho. Unakibeba tu." Maji yalikuwa yakitiririka shingoni. "Sitaki kumgombeza, mwanangu. Sitaki hata aniombe radhi. Alikuwa anatutafutia. Nataka tu neno lenyewe lisemwe mara moja, mbele ya watu, na lisiwe ni mimi niliyelisema."

Nikaendelea kusugua. Nadhani nilimsugua muda mrefu kuliko mteja yeyote wa mwaka ule.

Alipoondoka, dada alitoka akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo.

"Weka moja juu, moja chini," nikamshauri. "La mzee kwa buluu, la mama kwa njano. Kila mtu aimbe lake."

"Hivyo ndivyo wanavyofanya tayari nyumbani kwao."

"Basi chagua la mama. Yeye ndiye aliyengoja."

"Na mzee nimwambie nini? Kwamba nilimwosha mkewe nywele?"

"Mimi ndiye niliyemwosha."

Hakucheka. "Siwezi kumwekea Chiriku neno mdomoni," alisema. "Kuna neno alilolitaka yeye. Ni lazima nilijue, hata kama sitaliandika."

Aliyetuelekeza ni jamaa mmoja anayekodisha spika za sherehe, ambaye zamani alikuwa akibeba vyombo vya bendi mbalimbali. Dada alipomwuliza kama Chiriku yu hai, alishangaa. "Hai? Si ndiye aliyeniuzia rangi ya geti langu? Ana duka la vifaa vya ujenzi, nyuma ya stendi ya mabasi. Ila usimwombe punguzo."

Jumatatu huwa nafunga. Tukaenda wote wawili, dada amebeba kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Duka lilikuwa refu na jembamba, linanuka rangi na chuma, na nyuma ya kaunta alikuwa mwanamke mnene, mvi zimekatwa fupi, miwani inaning'inia kwa uzi shingoni, anapima misumari kwenye mizani. Alikuwa akimwambia mteja kwamba bawaba alizochagua hazitaubeba mlango wake hata mwezi mmoja. Nikaisikia sauti. Imeshuka, imekuwa nzito, lakini ni ile ile iliyokuwa ndani ya sikio langu.

Dada akamwamkia, akajieleza. Alipotaja "Taa ya Dirishani," mwanamke yule aliiacha misumari mizanini.

"Nani bado anausikiliza huo?"

"Watu wengi, mama. Kuna wazee wawili wanaugombania."

Akamweleza yote, la mzee na la mkewe. Chiriku alisikiliza kwa makini, miwani ameivaa, kana kwamba angeweza kuyaona maneno yakipita. Tulipofika kwenye neno lenyewe, mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Jamani," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya aproni. "Wimbo ule ulitungwa na kaka yangu, mpiga gitaa. Yeye aliandika 'nimechoka.' Mimi nikamwambia siimbi hilo. Nilikuwa nimechumbiwa, niko msichana, dunia nzima tamu. Nitachokaje kumngoja mtu? Nikamwambia naimba 'nimezoea.' Akasema ni wimbo wake. Nikasema ni mdomo wangu. Tumebishana nyumbani, tumebishana njiani, tumeingia studio bado tunabishana. Na mkanda ulikuwa mmoja, muda wenyewe wa kukodi. Ngoma zikaanza. Naimba, nakaribia lile neno, bado sijaamua. Nikamtazama. Naye kanikodolea macho juu ya gitaa, ametoa ulimi kama tulivyokuwa tukifanyiana utotoni. Nikasema 'nime...' kicheko kikanishika."

"Kwa hiyo ni neno gani?" nikauliza, maana nilitaka kuondoka na jibu.

"Si nakwambia? Hakuna neno. Ni kicheko. Nilijikaza kisitoke, kikatokea puani." Akaendelea kucheka, akimwashiria mteja wa bawaba asubiri. "Mwenye studio alisema kimeleta uzuri, tukiache. Mara ya pili na ya tatu nikakifanya kusudi, ili vifanane."

Dada akapiga kaunta kwa kiganja. "Nilijua! Nilijua cha kwanza ni tofauti!"

"Na jukwaani ulikuwa unaimba lipi, mama?" niliuliza tena.

"Inategemea nimegombana na kaka au hatujagombana."

Kisha akataka kuiona hiyo kazi. Dada akafungua kompyuta juu ya kaunta, kati ya mizani na makopo ya gundi. Muziki ukaanza, vidoti vitatu kwenye skrini vikahesabu kuingia, na maneno ya kwanza yakaanza kugeuka rangi bila sauti ya mwimbaji. Chiriku akasogea karibu.

"Mimi niko wapi?"

"Nimekutoa, mama. Ili mtu mwingine apate nafasi ya kuimba."

"Umenitoa kwenye wimbo wangu?" Alisema kwa sauti ambayo ilifanya hata yule wa bawaba aangalie chini. Wimbo uliendelea, maneno yakipita yenyewe. Halafu Chiriku, polepole kama mtu anayejaribu kiatu, akaingia mstari wa pili. *Barabara imelala, mimi macho.* Sauti ilikuwa na kutu mwanzoni, kisha ikafunguka. Alichelewa kidogo kila mstari, na rangi ya njano ikamtangulia.

"Hiki kitu kinanikimbiza!"

"Hapana, mama, nimekiweka sawa na ngoma. Wewe ulikuwa unachelewa kusudi. Ndio utamu wako. Watu wa kawaida wakichelewa hivyo wanapotea."

Chiriku alimtazama dada kwa muda. "Kaka yangu ndiye mtu pekee aliyewahi kuligundua hilo," alisema. "Cheza tena." Tuliucheza mara nne. Mteja wa bawaba aliimba kiitikio, na akanunua bawaba nzito.

Nyumbani dada alifanya alichoamua. Mahali pa neno hakuandika neno. Aliandika "Nime," halafu mstari wa vidoti, halafu "kukungoja." Akavipanga vile vidoti kwa mkono, kimoja kimoja, kila kimoja na muda wake, ili rangi ya njano ivuke polepole juu yake kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kazi hiyo ilimchukua muda kuliko wimbo mzima. Muuguzi alipoona alisema, "Dada, hapa pamebaki wazi." Dada akamweleza habari ya duka la vifaa. Muuguzi akacheka, kisha akasema, "Sasa watasemaje?"

"Sijui," dada alisema. "Hiyo si kazi yangu."

Sherehe ilikuwa Jumamosi mchana, uani kwao. Turubai limefungwa kutoka paa la nyumba mpaka kwenye ukuta, viti vya plastiki vimejaa ndugu, skrini imening'inizwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Tulikaribishwa kama jamaa. Yule wa spika alikuwepo na spika zake. Baada ya keki, muuguzi akawaita wazazi wake mbele, akawapa kila mmoja kipaza sauti. Wote wawili wakajifanya wameshtuka, na walikuwa waigizaji wabovu kupita kiasi.

Muziki ukaanza. Mzee alisimama ameinua kidevu. Mkewe alivaa gauni la kijani, nywele nimezipanga mwenyewe asubuhi ile. Waliimba mstari wa kwanza vizuri tu. Mke kwa sauti nyembamba, mzee anakoroma kama injini ya baridi. Nikaona wanavyoukaribia ule mstari. Kila mmoja alikuwa akiikodolea skrini macho, akingoja skrini imwambie mwenzake.

"Nime," ikasema skrini. Halafu vidoti.

Wote wawili walinyamaza. Rangi ya njano ikavuka vidoti vyote bila sauti ya mtu, muziki ukiendelea, na ua mzima ukiwatazama. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Umeme umekata?" Watu wakaangua kicheko. Mzee akamgeukia dada, aliyekuwa ameketi kando ya kompyuta, akamfungulia mikono kama kumwuliza, umenifanya nini? Dada akatikisa mabega. Mkewe mzee alikuwa anamtazama mumewe, si skrini.

Ubeti wa pili ukaja. Waliuimba wamesogeleana kidogo. Sidhani mzee alikuwa anasoma tena. *Barabara imelala, mimi macho.* Pale "mimi macho" sauti yake ilipungua, na nikamwona anamtazama mkewe kama mtu aliyeusikia mstari ule kwa mara ya kwanza. Labda kwenye milima, na injini ile, huwa hausikiki.

"Nime," ikasema skrini.

"Nimechoka kukungoja," akaimba mzee.

Aliimba peke yake, nje ya sauti kabisa, na hakuna aliyecheka. Mkewe kipaza sauti kilikuwa kimefika kifuani. Muuguzi, karibu na keki, alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Ikafuata sehemu ya gitaa tupu, ile ambayo kaka yake Chiriku anapiga peke yake. Mzee hakujua afanye nini na mikono. Mkewe akamshika mmoja. Wakacheza pale pale, hatua ndogo ndogo za watu wazima, kati ya kamba ya nguo na meza ya keki. Kiitikio cha mwisho kilipofika mkewe ndiye aliyeinua kipaza sauti, akafungua kinywa, akasema "nime," na kicheko kikampata. Alicheka mpaka akamwegemea mumewe begani. Rangi ya njano ikavuka vidoti peke yake, na watu wote wakaimba "kukungoja" kwa niaba yao.

Baadaye, nikiwa namsaidia mama huyo kuondoa glasi, alinishika kiwiko. "Amelisema," aliniambia, kana kwamba mimi sikuwepo. "Umesikia? Amelisema mwenyewe." Kisha akaniuliza ile dawa ya nywele inauzwa wapi.

Mzee naye alimfuata dada kwenye kompyuta. Nilitegemea angelalamika. Alisimama akiizungusha kofia, akauliza kama kile kitu kinaweza kuchezwa kwenye televisheni ya nyumbani. Dada akamwambia kinaweza. "Basi nipe," alisema. "Tutakuwa tunafanya mazoezi. Mama hakumaliza mstari."

Dada alikuwa amewarekodi kwa simu, na Jumatatu akampelekea Chiriku. Simu ikalia tukiwa tunafagia. Dada akaiweka kwenye spika.

"Huyo mzee anaimba vibaya," ilisema sauti ya dukani. "Sijapata kusikia mtu anaimba vibaya hivyo. Mpe hongera zangu." Nyuma yake mtu alikuwa anauliza bei ya saruji, naye akamjibu huku huku. "Nimemwonyesha kaka yangu. Amezeeka, masikio hayasikii vizuri, nimemshikia simu sikioni. Amesema yeye bado anadai ni 'nimechoka.'"

"Kwa hiyo ameshinda?" dada akauliza.

"Thubutu. Sasa sikiliza. Tulirekodi nyimbo kumi na moja, na hakuna hata mmoja ambao watu wanayajua maneno yake sawasawa. Kuna mmoja redioni wanaimba 'samaki' wakati mimi nilisema 'sadaka.' Utanitengenezea?"

Alikuja Jumatatu iliyofuata, amemwacha mpwa wake dukani. Nilimwosha nywele kwanza, ingawa zilikuwa fupi na hazikuhitaji, kwa sababu alisema hajaoshwa na mtu miaka mingi. Kisha akavuta kiti changu kimoja mpaka nyuma ya pazia. Nikamsikia dada akiuchezesha wimbo wa kwanza, kidole kikigonga kitufe, na Chiriku akimsimamisha. "Hapo nyoosha. Hapo nyoosha zaidi, nilikuwa na pumzi siku hizo." Nikavuta kiti nami nikaenda kukaa nao.